D inafunguka lakini haiandikiki: Windows na Linux kwenye laptopu moja

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Laptopu ya kazi ina Windows 10, na mdogo wangu alipokuja likizo aliniwekea Linux Mint pembeni yake, nikiwasha inaniuliza niingie wapi. Mint nimeipenda, ni nyepesi. Shida ni kazi zangu, zote ziko upande wa Windows. D nikiifungua nikiwa Mint naona kila kitu, hata kadi za harusi za wateja zinafunguka, ila nikirekebisha na kuhifadhi inakataa, inasema ni ya kusoma tu. C ndiyo kabisa, inadai nywila, na nikiweka ile ninayoingilia Windows haikubali. Na Windows huwa naizima vizuri, siiachi imelala. Fundi mmoja amenitumia amri yenye neno remove_hiberfile, anasema inamaliza mchezo. Naogopa kuigusa kwa sababu ya kazi za watu. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuuliza kabla ya kuibandika hiyo amri, na nakuomba uiache hapohapo ilipo. Kwa maelezo yako diski haijafa na Mint haina kasoro. Una mambo mawili tofauti yaliyotokea pamoja yakaonekana kama moja: D imezuiwa kwa sababu Windows haijaiachia, na C imefungwa kwa kufuli la BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaoficha yaliyomo kwenye diski kwa asiye na ufunguo. Kila moja lina dawa yake, na la D utalimaliza leo kabla hujafunga duka.

Nianze na D, maana ndiko riziki yako iliko.

Unasema Windows huwa unaizima. Nakuamini, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza "Shut down" kompyuta haizimiki yote. Programu zako zinafungwa na akaunti yako inatoka, lakini kiini cha Windows kinachukuliwa kama kilivyo kwenye kumbukumbu na kuwekwa ndani ya faili kubwa lililofichwa kwenye C, jina lake hiberfil.sys. Ukiwasha kesho yake, Windows haianzi moja. Inalisoma faili lile na kuendelea ilipoishia. Ndiyo maana inawaka upesi. Mpango huo unaitwa "fast startup", na kwenye laptopu nyingi unakuwa umeshawashwa tangu siku ya kwanza bila mwenyewe kuambiwa.

Ndani ya kiini hicho kilicholala kuna picha ya kila patisheni (kipande cha diski, kama C au D) iliyokuwa wazi, D ikiwemo: faili gani liko wapi, nafasi ipi ni tupu, folda ipi imebeba nini. Sasa wewe unaingia Mint, unarekebisha kadi ya mteja, unahifadhi. Jioni unarudi Windows, nayo inaamka na picha yake ya zamani. Ni sawa na mwenye duka aliyelala na hesabu za jana kichwani, nyuma yake kijana akaandika mauzo mapya kwenye daftari. Mwenye duka akiamka anaandika za kichwani mwake palepale, juu ya wino wa kijana. Kwenye diski matokeo yake ni mafaili kupotea, kadi uliyoihifadhi kufunguka na ukurasa wa kazi nyingine, au folda nzima kukataa. Na hasara hiyo mara nyingi haionekani siku hiyohiyo. Inaonekana baadaye, mteja akija kuchukua mzigo wake.

Programu inayoisomea Mint mfumo wa faili wa Windows, yaani NTFS, inaijua hatari hiyo. Inaitwa ntfs-3g. Inapoona patisheni haikufungwa sawasawa inakuruhusu kusoma na kukunyima kuandika. Ukiifungua D kwa teminali, lile dirisha la kuandikia amri, utaiona ikisema wazi:

Falling back to read-only mount because the NTFS partition is in an unsafe state.

Maana yake: hali ya patisheni hii si salama, kwa hiyo nakupa kusoma tu. Na mstari unaofuata unakushauri uiamshe Windows na kuizima kikamilifu. Ushauri huohuo ndio nitakaokupa mimi.

Sasa ile amri ya fundi. Neno remove_hiberfile linafanya kama linavyojieleza: linalifuta faili la hiberfil.sys ili Linux ipate kuandika. Kikao chote cha Windows kilichohifadhiwa humo kinapotea nacho, na waandishi wa programu yenyewe wamelitolea onyo kwamba anayelitumia abebe dhamana mwenyewe. Lina mahali pake: Windows imekufa, haiwaki tena, na unataka kuokoa mafaili. Wewe Windows yako inawaka. Tena kwako halisaidii hata kidogo, maana hiberfil.sys iko C, na C yenyewe imefungwa. D haina faili hilo la kufuta. Ungebaki palepale, na pengine ungeletewa amri nyingine kali zaidi ya hiyo.

La kufanya leo ni hili. Ingia Windows, hifadhi ulichofungua, funga programu zote, kisha uchague "Restart". Usichague "Shut down". Najua inaonekana kinyume, kwamba kuwasha upya ndiko kunazima vizuri kuliko kuzima, lakini ndivyo ilivyopangwa: "Restart" inakibomoa kiini chote na kufunga kila patisheni, kwa sababu watu huwasha upya ili kuondoa matatizo. Laptopu ikirudi na ile menyu ya kuchagua, ichague Mint mara moja, usiiache ikaingia Windows tena. Fungua D, jaribu kutengeneza folda mpya na kuifuta. Naamini itakubali.

Ikikubali, umejua chanzo, sasa uking'oe. Rudi Windows, fungua Control Panel, ingia "Power Options", upande wa kushoto bofya "Choose what the power buttons do". Visanduku vya chini vitakuwa vimefifia. Bofya juu yake palipoandikwa "Change settings that are currently unavailable", kisha ondoa tiki kwenye "Turn on fast startup" na uhifadhi. Kuanzia hapo "Shut down" itakuwa kuzima kweli. Windows itachelewa kuwaka kidogo, na ucheleweshaji huo ni wa kuvumilia.

Kuna njia fupi ya kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika:

powercfg /h off

Hiyo inaondoa fast startup pamoja na uwezo wote wa Windows kulala kwenye diski, na hiberfil.sys inafutwa, unapata gigabaiti kadhaa za nafasi. Kwa kompyuta ya mezani ningekwambia uitumie bila kufikiri mara mbili. Kwa laptopu ya dukani, na umeme wetu unavyokatika, nasita. Betri ikikaribia kuisha Windows inaweza kujilaza yenyewe kwenye diski na kukuhifadhia kazi uliyokuwa hujaimaliza. Ukiizima njia hiyo, betri ikiisha kazi imekwenda. Kama betri yako bado inashika chaji, ondoa tiki tu, uiache hiyo nyingine. Sharti ni moja: siku Windows ikijilaza kwa sababu ya betri, usiende Mint mpaka uirudie Windows kwanza na kuizima. Na baada ya masasisho makubwa ya Windows kagua ile tiki, maana hutokea ikarudi.

Kama hata baada ya "Restart" D bado inagoma, basi ina alama ya kutofungwa vizuri iliyobaki kutoka siku nyingine, pengine siku umeme ulipokatika ukiwa unanakili kitu na betri haina kitu. Alama hiyo iondolewe na Windows yenyewe. Fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

chkdsk D: /f

Ikikwambia patisheni inatumika na kukuuliza kama iilazimishe, funga kwanza programu zote zenye mafaili ya D, ndipo ukubali. Iache imalize. Utakutana na watu watakaokuambia utumie ntfsfix ukiwa Linux kwa kuwa jina lake linaahidi matengenezo. Haitengenezi kama chkdsk. Inarekebisha makosa machache ya msingi, inaifuta shajara ya NTFS (daftari la shughuli zinazoendelea kwenye patisheni), kisha inaiwekea Windows alama ya kwenda kukagua itakapowaka. Yaani kazi yenyewe bado inarudi Windows, isipokuwa sasa ile shajara ambayo ingeisaidia kukamilisha shughuli zilizokatika katikati haipo tena. Ukiwa na Windows inayowaka huna sababu ya kupitia huko.

Tuje C.

Dirisha linalokuomba nywila ukiwa Mint halitaki ile unayoingilia Windows, wala halitaki ile ya Mint. Linataka ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, ambao ni tarakimu 48 katika mafungu 8 ya tarakimu 6. Laptopu nyingi za miaka hii, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, Windows hujifungia yenyewe kufuli hilo, na ufunguo hutunzwa kwenye akaunti hiyo. Mwenyewe anaishi nalo miaka bila kujua, kwa sababu chipu ya usalama ndani ya laptopu huifungulia Windows kimyakimya kila asubuhi. Linux haifunguliwi, ndiyo maana inakuuliza wewe.

Ufunguo usiutafute siku ya shida. Utafute leo. Ukiwa Windows, kwenye Command Prompt ya msimamizi, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Chini ya "Numerical Password" utaziona tarakimu zenyewe. Zinakili kwa mkono kwenye karatasi, zihakiki fungu kwa fungu, na karatasi uiweke nyumbani, isikae kwenye begi moja na laptopu. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika hapa. Kompyuta yenye mifumo miwili, siku mtu akibadilisha mpangilio wa kuwasha au akigusa Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachoiwasha kompyuta), Windows inaweza kushtuka na kukudai ufunguo huo kabla haijakuruhusu kuingia. Asiye nao hana fundi wa kumsaidia, Tanga wala kwingine. Kufuli hilo limetengenezwa ili lisifunguke bila ufunguo, na kwa kweli halifunguki. Mtu wa namna hiyo hubaki na njia moja ya kufuta kila kitu na kuanza upya.

Ukishaupata, unaweza kuifungua C ndani ya Mint kwa kuandika tarakimu hizo pamoja na vistari vyake kwenye dirisha lile linalouliza. Kwa teminali, programu ya cryptsetup inaelewa kufuli la BitLocker tangu toleo la 2.3 la mwaka 2020. Kama Linux inaiita C yako sda3 (namna ya kulijua jina iko chini, kwenye lsblk -f), ni hivi:

sudo cryptsetup open --type bitlk /dev/sda3 windows
sudo mkdir -p /mnt/windows
sudo mount -o ro /dev/mapper/windows /mnt/windows

Hilo neno ro ni la kusoma tu, nimeliweka kwa makusudi. Sioni sababu ya Linux kuandika chochote ndani ya C. Humo mna Windows yenyewe na programu zake, mambo yenye ruhusa na viungo ambavyo Linux inaviona nusunusu. Ichukulie C kuwa mahali pa kwenda kuchukua faili lililosahaulika, unalinakili, unatoka. Na usishangae ukikuta mafaili yenye majina lakini hayafunguki: kama Windows yako inatumia OneDrive, baadhi ya yaliyomo kwenye Desktop na Documents yapo kwa jina tu, mwili wake uko kwenye seva, na Linux haina njia ya kuyavuta kupitia diski.

Je, uliondoe kabisa hilo kufuli ili kuishi kwa raha? Wengine watakushauri hivyo. Mimi kwa kazi yako nasema hapana. Kwenye steshenari watu wanaacha nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya pango, fomu za mikopo ya wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamgusa kila anayeshika taarifa za watu, na duka lako limo. Laptopu ikiibiwa, kilichofungwa kwa BitLocker mwizi hakisomi. Hapo hapo ujue kwamba D yako inafunguka bila kudai ufunguo, kwa hiyo haina ulinzi huo. Picha za vitambulisho zisirundikane D. Mteja akishachukua karatasi zake, futa.

Kufuta nako kuna jambo. Ukifuta kitu cha D ukiwa Mint, hakiendi popote, kinahamia kwenye folda iliyofichwa ndani ya D hiyohiyo, jina lake .Trash-1000 au linalofanana na hilo. Windows haiihesabu folda hiyo kuwa pipa lake la taka. Watu hulalamika D imejaa na hawaoni kilichoijaza, kumbe takataka za miezi zimo humo. Kama umefuta ukiwa Mint, mwaga pipa ukiwa Mint.

Sasa mpangilio wa kudumu. Kazi zote ziishi D, na mifumo yote miwili ikute D ileile. Upande wa Windows, bofya kulia folda ya Documents, ingia "Properties", kisha "Location", uihamishie kwenye folda utakayoiunda ndani ya D. Hapo ukihifadhi kitu kwenye Documents kinatua D bila wewe kukumbuka. Kabla ya kuhamisha lolote nakili D nzima kwenye diski ya nje. Joto na chumvi ya pwani hii haviipendelei diski yoyote, na nakala moja si nakala.

Upande wa Mint, badala ya kuibofya D kila asubuhi, iagize iunganishwe yenyewe kompyuta inapowaka. Fungua teminali uandike:

lsblk -f

Utapata orodha ya namna hii:

sda1  vfat       SYSTEM
sda2
sda3  BitLocker
sda4  ntfs       KAZI   4E2A7C612A7C47D5
sda5  ext4

Isome taratibu, inakueleza diski yote. Ya kwanza, ya vfat, ndiyo inayobeba vianzishi vya Windows na vya Mint. Ni ndogo, watu huiona haina kazi wakaifuta, na baada ya hapo hakuna mfumo unaowaka. Ya pili haina mfumo wa faili, Windows imejitengea, iache. Ya tatu ni C na kufuli lake limeandikwa jina. Ya nne ndiyo D. Herufi za C na D ni za Windows tu, Linux haizijui, kwa hiyo jihakikishie kwa jina la patisheni au ukubwa wake. Ya tano ndiyo Mint yenyewe. Kwako namba zinaweza kuwa tofauti, na kama diski ni ya NVMe, zile mpya za kasi, majina yataanza na nvme0n1. Ukiona ntfs nyingine ndogo ya megabaiti mia kadhaa, hiyo ni ya ukarabati wa Windows, nayo usiiguse.

Zile herufi na tarakimu 16 ndizo kitambulisho cha patisheni. Tunakitumia hicho badala ya sda4, kwa kuwa siku ukiwasha laptopu na diski nyingine imechomekwa, sda inaweza kuitwa sdb. Andaa mahali na nakala ya mpangilio uliopo, ambao unakaa kwenye faili la /etc/fstab:

sudo mkdir /mnt/kazi
sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani
sudo nano /etc/fstab

Mwisho wa faili ongeza mstari mmoja, ukiweka kitambulisho chako mahali pa hiki:

UUID=4E2A7C612A7C47D5 /mnt/kazi ntfs-3g nofail,uid=1000,gid=1000,dmask=077,fmask=177,windows_names 0 0

Kila neno hapo lina kazi. nofail inasema D isipopatikana Mint iendelee kuwaka. Ukiikosa, siku D ikigoma utakutana na skrini nyeusi ya dharura asubuhi wateja wako mlangoni. Namba 1000 ni ya akaunti ya kwanza iliyoundwa kwenye Mint. Hakiki yako kwa kuandika id. Zile dmask na fmask zinafanya D ifunguke kwa akaunti yako tu, na mafaili yasihesabiwe kuwa programu za kuendeshwa. windows_names nitaieleza sasa hivi. Hifadhi, toka, iachie D kama ilikuwa imefunguliwa kwenye dirisha la mafaili, kisha:

sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a

Kukiwa kimya, imekubali. Ikilalamika, usizime kompyuta kabla hujarekebisha mstari au kurudisha ile fstab.zamani.

Kuhusu windows_names: Linux inaruhusu majina ambayo Windows haiyawezi. Ukiwa Mint ukaliita faili "Mkataba wa pango: Chumbageni.odt" au "CV ya mwisho?.docx", litahifadhiwa bila neno. Ukienda Windows halifunguki, na wakati mwingine hata kufutika halifutiki, kwa sababu nukta pacha na alama ya kuuliza ni mwiko huko. Neno hilo linaifanya Mint ikatae jina baya tangu mwanzo. Halizuii jambo moja: kwa Linux "Risiti.pdf" na "risiti.pdf" ni mafaili mawili, na Windows ikiyakuta kwenye folda moja inachanganyikiwa. Chagua mtindo mmoja wa herufi ukae nao.

Utasikia pia kwamba ntfs-3g ni ya zamani na kuna draiva mpya, ntfs3, ambayo kampuni ya Paragon iliitoa ikaingizwa ndani ya kiini cha Linux toleo la 5.15 mwaka 2021. Ni kweli, na ni ya kasi zaidi, kwa sababu ntfs-3g inafanya kazi nje ya kiini. Kwa anayehamisha video za gigabaiti makumi ningemwambia aijaribu. Kwa nyaraka na kadi, kasi hiyo hutaihisi, na ntfs3 ikikuta patisheni haikufungwa vizuri inakataa kuiunganisha, haikupi hata ya kusoma. Wewe mteja akiwa amesimama mbele yako, bora ile inayokuwezesha kuchapa.

Kuna faida moja ya Mint ambayo pengine hujaiona bado. Flashi za wateja zenye vile virusi vinavyogeuza folda zote kuwa njia za mkato, zichomeke ukiwa Mint. Mafaili halisi yamefichwa tu kwa alama ya Windows ambayo Mint haiifuati, kwa hiyo hapo utayaona, unachapa, mteja anaondoka na kazi yake. Kirusi hicho cha Windows hakiendeshi chochote kwenye Linux. Ila ukikinakili kwenda D, siku utakapokibofya ukiwa Windows kitaamka, kwa hiyo chukua hati yenyewe tu, usibebe folda nzima. Na kwa kuwa Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mimi ningezielekeza flashi zote za watu upande wa Mint, Windows ibaki na zile programu ambazo huwezi kuziacha.

Saa nayo itakuchezea. Ukitoka Mint kwenda Windows utakuta imerudi nyuma kwa muda wa saa tatu, kwa kuwa Linux huweka saa ya ndani ya mashine kwa wakati wa dunia na Windows huisoma kama ndiyo ya hapa. Tarehe za mafaili zitapishana na hutajua toleo lipi la kadi ndilo la mwisho. Andika mara moja ukiwa Mint:

timedatectl set-local-rtc 1

Mint itakuonya kwamba si njia inayopendekezwa. Kwa nchi isiyobadilisha saa zake kwa majira, kama yetu, haina madhara.

Ukimaliza yote haya na D ikarudi tena kuwa ya kusoma tu, wakati fast startup imezimwa na chkdsk imepita, usiendelee kuisukuma kwa amri. Fungua programu ya Disks ndani ya Mint, chagua diski, kwenye menyu yake uangalie "SMART Data & Self-Tests", yaani ripoti ya afya ya diski. Ikionyesha sekta zilizohamishwa zinazoongezeka kila unapoangalia, hapo tatizo limetoka kwenye Windows na Linux limeingia kwenye chuma chenyewe. Nakili kazi za wateja siku hiyohiyo ukianza na zile ambazo hazijachukuliwa, ndipo uniletee laptopu.